Kidonge Kimoja, Miili Mingi: Hoja Kuhusu Baiolojia ya Mifumo katika Tiba

Halofantrini na lumefantrini ni dawa za ukoo mmoja wa kikemia. Zote mbili hutibu malaria, zote huyeyuka katika mafuta kuliko katika maji, na zote hufyonzwa vyema zaidi zikimezwa pamoja na mlo wenye mafuta. Hata hivyo maelekezo yake yalipingana. Mgonjwa anayepewa lumefantrini, ambayo ni nusu ya dawa mseto tunayoiita ALu, huambiwa ameze na maziwa au chakula chenye mafuta. Aliyepewa halofantrini, iliyouzwa kwa jina la Halfan, alitakiwa aimeze tumbo likiwa tupu, kwa kuwa mafuta yaliongeza kiwango cha dawa katika damu mara kadhaa, na kiwango hicho kiliweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mwaka 1993 François Nosten na wenzake, waliokuwa wakitibu malaria kwenye mpaka wa Thailand na Burma, walichapisha katika jarida la The Lancet vipimo vya umeme wa moyo vilivyoionyesha hatari hiyo waziwazi.

Kwa jicho la mkemia, dawa hizi hazipishani sana. Mtaalamu wa vimelea naye atakwambia kwamba zote mbili huua Plasmodium falciparum. Tofauti hujitokeza pale tu dawa inapofuatwa ndani ya mwili mzima, kutoka utumboni hadi kwenye ini, kutoka kwenye ini hadi kwenye damu, na kutoka kwenye damu hadi kwenye seli za moyo. Kuifuata hivyo, kwa vipimo na kwa milinganyo ya hisabati, ni kazi ya baiolojia ya mifumo. Hoja ya makala haya ni kwamba faida kubwa zaidi ambayo taaluma hii imeiletea tiba hadi sasa imetokana na milinganyo inayoeleza jinsi sehemu chache za mwili zinavyoathiriana kadiri muda unavyopita, kuliko orodha ndefu za jeni na protini ambazo ndizo zinazosifiwa zaidi. Vyuo vikuu vya Afrika Mashariki vikilikubali hilo, havitakuwa na sababu ya kusubiri mashine za mabilioni ndipo vianze kazi.

Kambi mbili

Jina la taaluma hii lilishika mwanzoni mwa karne ya sasa. Leroy Hood alianzisha taasisi ya baiolojia ya mifumo mjini Seattle mwaka 2000, na mwaka 2002 Hiroaki Kitano alichapisha katika Science makala ambayo wengi waliisoma kama ilani. Ndiyo miaka ambayo mradi wa kusoma jenomu ya binadamu ulikuwa unakamilika, na matumaini yalikuwa makubwa: orodha ya sehemu imepatikana, kilichobaki ni kuziunganisha. Kampuni za dawa zilikuwa tayari kusikia habari hiyo. Kwa muda mrefu zilikuwa zimefuata njia ya shabaha moja, yaani kutafuta protini inayohusika na ugonjwa na kuunda molekuli ya kuizuia. Kati ya dawa kumi zinazoanza kujaribiwa kwa watu, takribani tisa haziruhusiwi kutumika, na nyingi huanguka katika hatua za mwisho, fedha zikiwa zimeshateketea, ama kwa sababu hazitibu ama kwa sababu zinadhuru mahali ambapo hakuna aliyetazama.

Ndani ya taaluma hiyo kuna kambi mbili ambazo msomaji wa kawaida hawezi kuzitofautisha kirahisi. Kambi ya kwanza hupima kila kinachopimika kwa mkupuo mmoja: maelfu ya jeni, protini na kemikali za damu, kisha huachia kompyuta itafute ruwaza. Kambi ya pili huanza na sehemu chache zinazojulikana, huandika mlinganyo wa kila moja, na kuuliza: zikiachwa zitendeane kwa saa moja au kwa siku saba, kitatokea nini? Ya kwanza ndiyo inayopata fedha na picha za kwenye majarida. Ya pili ni ya zamani kuliko jina lenyewe la taaluma.

Moyo wa kondoo ndani ya kompyuta

Mwaka 1952 Alan Hodgkin na Andrew Huxley walieleza kwa milinganyo jinsi umeme unavyopita katika mshipa wa fahamu wa ngisi. Miaka michache baadaye Denis Noble, aliyekuwa akisomea uzamivu University College London, alijiuliza kama milinganyo ya namna hiyo ingeweza kueleza moyo. Alichukua mioyo ya kondoo machinjioni, akapima mikondo ya potasiamu, kisha akaomba nafasi kwenye kompyuta ya chuo, ambayo kila idara iliigombania, naye akaishia kupewa saa za usiku wa manane. Mwaka 1960 matokeo yalitoka katika Nature: seli ya moyo iliyodunda yenyewe ndani ya hesabu. Hakuna sehemu yoyote ya modeli ile iliyokuwa imeagizwa idunde. Mdundo ulizaliwa na mzunguko wa sababu: volti hufungua na kufunga milango ya ayoni kwenye ukuta wa seli, na milango hiyo nayo hubadilisha volti.

Inafaa kuitazama seli hiyo kwa karibu, maana hapo ndipo dawa nyingi zilipokwama. Pigo linapoanza, milango ya sodiamu hufunguka na volti hupanda ghafla. Kalsiamu huingia na kuishikilia juu kwa muda, msuli ukijikaza. Kisha potasiamu hutoka, na volti hurudi chini ili seli ijiandae kwa pigo lijalo. Mmoja wa milango ya potasiamu unaitwa hERG. Dawa ikiuziba mlango huo, kurudi chini huchelewa. Kalsiamu hupata nafasi ya kuingia tena kabla ya wakati, na moyo huweza kuangukia mapigo ya ovyo yanayoua kwa dakika chache. Ndivyo halofantrini ilivyofanya. Ndivyo pia ilivyofanya terfenadini, dawa ya mzio iliyotumiwa na mamilioni ya watu hadi ikaondolewa katika soko la Marekani mwaka 1998. Kisa cha terfenadini kinafundisha zaidi, kwa sababu kwa kawaida ini huigeuza karibu yote kuwa kemikali nyingine isiyo na madhara kwa moyo. Mgonjwa akimeza pamoja nayo ketokonazoli, dawa ya kuua fangasi, kimeng'enya cha ini kinachoifanya kazi hiyo huzuiwa, na terfenadini yenyewe hufika moyoni. Anayeuchunguza moyo peke yake hataiona hatari. Anayelichunguza ini peke yake hataiona pia.

Mamlaka za dawa zilijibu mwaka 2005 kwa kanuni za kimataifa: kila dawa mpya ipimwe kama inaziba hERG na kama inarefusha muda wa QT kwenye kipimo cha umeme wa moyo. Kanuni hizo zilizuia maafa, lakini ziliua pia dawa zisizo na hatia. Verapamili, inayotumika kwa shinikizo la damu na kwa moyo wenyewe, huziba hERG kwa nguvu, na bado haisababishi mapigo yale ya ovyo, kwa sababu wakati huohuo huziba milango ya kalsiamu. Madhara mawili yanafutana. Sheria inayotazama mlango mmoja ingeitupa verapamili; mlinganyo unaotazama milango yote huiachia ipite.

Kwa sababu hiyo, tangu 2013 wataalamu wa mamlaka za dawa, viwanda na vyuo wamekuwa wakijenga utaratibu uitwao CiPA, unaochukua vipimo vya dawa kwenye milango kadhaa ya ayoni na kuviingiza katika modeli ya seli ya moyo wa binadamu iliyochapishwa na Thomas O'Hara na Yoram Rudy mwaka 2011, modeli iliyotokana na vipimo vya mioyo ya watu zaidi ya 100. Utaratibu ulijaribiwa kwa dawa 28 ambazo hatari yake ilikuwa imeshajulikana. Mwaka 2017 kikundi cha Oxford kilifanya jaribio lake kwa dawa 62 ndani ya kompyuta, kikapata ubashiri sahihi kwa 89%, ilhali majaribio ya sungura yalikuwa yamefikia 75%. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba baiolojia ya mifumo imebadilisha utengenezaji wa dawa. Ikumbukwe pia kwamba kati ya kondoo wa Noble na CiPA ilipita zaidi ya nusu karne ya kupima na kusahihisha. Anayeitangaza taaluma hii kama njia ya mkato hajausoma moyo.

Safari ya lumefantrini

Turudi nyumbani, dirishani pa kutolea dawa. Tanzania na Kenya zilianza kutumia ALu kama tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali mwaka 2006. Kidonge kimoja kina miligramu 20 za artemeta na miligramu 120 za lumefantrini. Mtoto mwenye uzito wa kuanzia kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kwa kila dozi, mara sita: anapoanza, baada ya saa 8, kisha saa ya 24, ya 36, ya 48 na ya 60. Piga hesabu. Mtoto wa kilo 5 anapata miligramu 24 za lumefantrini kwa kila kilo. Wa kilo 14 anapata chini ya 9. Wote wawili wameandikiwa dozi sahihi. Mama anaambiwa ampe mtoto na maziwa, anaitikia, kisha nyumbani kilichopo ni uji mweupe. Uji mtupu hauna mafuta ya kutosha, na mtoto mwenye homa hata huo anaukataa. Jaribio lililochapishwa mwaka 2007 lilionyesha kwamba mililita 36 tu za maziwa ya soya, yenye gramu 1.2 za mafuta, zinatosha kufikia karibu 90% ya ufyonzaji wa juu kabisa. Ni vijiko vikubwa viwili na nusu. Sijui maelezo mengine ya kitabibu yenye faida kubwa kwa gharama ndogo hivyo, na ambayo hutolewa kwa haraka kama haya.

Dawa ikishavuka utumbo, inakutana na ini. Huko kimeng'enya kiitwacho CYP3A4 huivunjavunja. Mjamzito huwa na vimeng'enya vyenye kasi zaidi, na damu yake ni nyingi zaidi, hivyo kiwango cha lumefantrini siku ya 7 huwa cha chini kuliko kwa mwanamke asiye na mimba. Mwaka 2018 uchambuzi uliounganisha takwimu za tafiti nyingi, uliochapishwa katika PLoS Medicine, ulithibitisha kwamba wajawazito na watoto wadogo hupata lumefantrini pungufu kwa dozi ya kawaida, na ukatumia modeli kupendekeza ratiba ndefu au nzito zaidi, kama vile siku 5 badala ya 3. Hakuna aliyelazimika kwanza kuwapa maelfu ya wajawazito dozi za kubahatisha. Milinganyo ilichuja mapendekezo yanayostahili kujaribiwa, na hiyo ndiyo kazi yake.

Kisha kuna dawa za kupunguza makali ya VVU. Efavirenzi, iliyokuwa katika tiba ya kwanza kwa miaka mingi, huamsha vimeng'enya vya ini, CYP3A4 kikiwemo. Mtu anayeitumia akimeza ALu, lumefantrini yake hushuka kwa takribani 70%. Lopinaviri iliyoongezewa ritonaviri hufanya kinyume: hukizuia kimeng'enya hichohicho, na lumefantrini hupanda mara kadhaa. Lakini efavirenzi yenyewe huvunjwa na kimeng'enya kingine, CYP2B6, ambacho jeni yake ina umbo la polepole linalopatikana kwa Waafrika wengi zaidi kuliko Wazungu. Betty Maganda na wenzake wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili waliufuata mnyororo huo hadi mwisho: wagonjwa wa Tanzania wenye umbo la polepole walikuwa na efavirenzi nyingi katika damu, efavirenzi hiyo nyingi ikaamsha ini zaidi, lumefantrini ikapungua zaidi, na malaria ikatibika vibaya zaidi. Tofauti katika jeni ya kushughulikia dawa ya VVU ikawa sababu ya tiba ya malaria kushindwa. Nimeisoma kazi hiyo mara kadhaa na kila mara najiuliza kwa nini haifundishwi katika mwaka wa kwanza wa famasia.

Wapo watakaosema kwamba efavirenzi imeshapitwa na wakati, dolutegraviri imechukua nafasi yake. Ni kweli. Lakini rifampisini ya kifua kikuu huamsha ini kwa njia zinazofanana, ndiyo maana mgonjwa anayetumia dawa zote mbili hupewa dolutegraviri miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Dawa hubadilika, ini linabaki lilelile. Modeli za aina hii, zinazouchora mwili kama viungo vilivyounganishwa na mkondo wa damu, sasa zinakubaliwa na mamlaka za dawa kama ushahidi. Maelekezo ya Marekani ya dawa ya saratani ibrutinibu, iliyoidhinishwa mwaka 2013, yana ushauri wa dozi uliotokana na modeli kwa michanganyiko ya dawa ambayo haikuwahi kujaribiwa kwa mgonjwa.

Hesabu ya karatasi moja

Hadi hapa nimezungumzia mwili na dawa. Malaria ina mshiriki wa tatu, naye huzaliana. Mgonjwa wa malaria anaweza kuwa na vimelea trilioni moja mwilini. Kimelea humaliza mzunguko wake ndani ya chembe nyekundu kwa takribani saa 48, na dawa za jamii ya artemisinini, artemeta ikiwemo, zikifanya kazi vizuri, hupunguza vimelea mara 10,000 katika kila mzunguko. Siku 3 za ALu hugusa mizunguko miwili. Trilioni moja ikigawanywa kwa 10,000 mara mbili hubaki vimelea 10,000. Artemeta huisha mwilini kwa saa chache. Lumefantrini, ambayo nusu yake huchukua siku 3 hadi 6 kuondoka, huachiwa kuwamaliza waliobaki. Hesabu hii, inayotokana kwa sehemu kubwa na kazi za mtafiti wa malaria Nicholas White, inaingia katika nusu ukurasa.

Sasa tubadilishe tarakimu moja. Tuseme kimelea kimepata usugu wa kiasi, na artemisinini inapunguza mara 100 tu kwa kila mzunguko. Baada ya siku 3 hawabaki 10,000. Wanabaki milioni 100, na mzigo wote huo unaiangukia lumefantrini. Ikiwa mgonjwa ni mjamzito, au mtoto mwenye utapiamlo, au anatumia dawa inayoamsha ini, lumefantrini inaingia vitani ikiwa nusu ya nguvu zake au chini ya hapo.

Mfano huu umeshakaribia mlangoni petu. Mabadiliko katika jeni ya kelch13 yanayohusishwa na usugu huo yaliripotiwa Rwanda mwaka 2020, Uganda mwaka 2021, na baadaye mkoani Kagera. Hapa kambi ya orodha inastahili heshima yake: bila kusoma jeni za vimelea tusingejua. Ila jina la badiliko la jeni, peke yake, halimwambii daktari wa Karagwe lolote kuhusu dozi. Linaanza kusema kitu pale linapogeuzwa kuwa tarakimu na kuwekwa kwenye hesabu iliyo juu, mahali pa ile 10,000.

Kuna jambo moja zaidi ambalo hesabu yangu ililiacha nje. Wajawazito waliotibiwa kwa ALu kwenye mpaka wa Thailand na Burma walipona kwa takribani 82%. Katika jaribio la Mbarara, Uganda, lililochapishwa mwaka 2010, walipona zaidi ya 99%, ingawa viwango vya lumefantrini kwa wajawazito wa Uganda navyo vilikuwa vya chini. Vimelea vya huko Asia vilikuwa sugu zaidi, hilo ni kweli. Lakini pia mwanamke wa Mbarara ameumwa na mbu tangu utotoni, na kinga yake inamalizia kazi ambayo dawa imeiacha. Kwa hiyo kidonge chetu kimekuwa kikisaidiwa kimyakimya. Jinsi juhudi za vyandarua na upuliziaji zinavyofanikiwa, kama zilivyofanikiwa Zanzibar, ndivyo kinga hiyo inavyopungua, na ndivyo dozi iliyotosha mwaka 2006 inavyoweza kupungukiwa bila kidonge chenyewe kubadilika hata kidogo. Mafanikio ya idara moja ya wizara yanabadilisha tarakimu za idara nyingine.

Orodha zinapopwaya, na zinaposaidia

Mwaka 2016 watafiti wa Afrika Kusini na washirika wao walichapisha katika The Lancet matokeo ya kufuatilia vijana 6,363. Katika damu yao walipata kundi la jeni 16 ambazo shughuli yake ilibashiri nani angeugua kifua kikuu katika mwaka unaofuata. Kipimo kiliwatambua 66% ya waliokuja kuugua, na kiliwaondoa kwa usahihi 81% ya wasiougua. Ilikuwa kazi safi. Hatua iliyofuata ilikuwa ya kimantiki: watu wazima waliopatikana na alama ya namna hiyo, iliyopunguzwa hadi jeni 11, wapewe dawa za kuzuia ugonjwa kabla haujaanza. Matokeo ya jaribio hilo, lililoitwa CORTIS, yalitoka mwaka 2021. Alama ilibashiri ugonjwa, lakini dawa za kinga hazikupunguza idadi ya waliougua ndani ya miezi 15. Orodha ilikuwa imesema nani yuko hatarini bila kusema ni nini kinachoendelea ndani ya mapafu yake wala ni mahali gani pa kuingilia.

Ningependa hoja yangu iishie hapo, ila kuna mfano unaoipinga kwa sehemu. Vemurafenibu, iliyoidhinishwa mwaka 2011, huzuia protini ya BRAF iliyobadilika. Katika saratani ya ngozi ya melanoma, karibu nusu ya wagonjwa uvimbe wao husinyaa. Katika saratani ya utumbo mpana yenye badiliko lilelile, ni takribani mmoja kati ya ishirini. Mwaka 2012 kikundi cha René Bernards mjini Amsterdam kilizima mamia ya vimeng'enya kimoja baada ya kingine ili kuona kipi kinaihami saratani ya utumbo. Jibu likawa protini iitwayo EGFR: BRAF ikizuiwa, breki iliyokuwa ikiishikilia EGFR huachiwa, na seli huendelea kukua kwa njia hiyo. Kikundi kingine kilifika mahali palepale wakati uleule. Kutokana na ufahamu huo, mchanganyiko wa encorafenibu na cetuximabu uliidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa wagonjwa wa aina hiyo. Ugunduzi ulianza na orodha, sikatai. Lakini kilichogunduliwa ni mrejesho, yaani breki inayoachiwa pale kanyagio linapoguswa, na dawa ya pili ilichaguliwa kwa sababu mrejesho huo ulieleweka.

Kazi iliyopo mezani

Suluhisho mojawapo linalojaribiwa dhidi ya usugu ni kuongeza dawa ya tatu, kwa mfano amodiakwini juu ya ALu. Kwenye karatasi yangu ya vimelea, hilo linavutia. Kwenye milinganyo ya moyo, amodiakwini huongeza muda wa QT na kupunguza kasi ya mapigo. Kwenye ini, efavirenzi huzuia kuvunjwa kwake, na madhara ya ini yameshaonekana kwa waliochanganya dawa hizo mbili. Uamuzi huu hauwezi kufanywa na mtaalamu mmoja wa kiungo kimoja. Unahitaji watu wanaoweza kuiweka milinganyo ya moyo, ya ini na ya kimelea katika programu moja na kuiuliza maswali.

Watu hao wanahitaji kompyuta ya kawaida na programu huria, hisabati ambayo wanafunzi wetu wa uhandisi huimaliza mwaka wa pili, na takwimu za miili ya watu wetu. Hitaji la mwisho ndilo gumu, na haliwezi kutimizwa kwa kuandika neno “Mwafrika” katika safu moja ya jedwali. Utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia, uliochapishwa mwaka 2013, ulikuta kwamba kwa dozi ileile ya efavirenzi Watanzania walikuwa na kiwango kikubwa zaidi katika damu, hata walipolinganishwa watu wenye umbo lilelile la jeni ya CYP2B6. Chakula, dawa nyingine na jeni nyingine zina sehemu yao. Modeli iliyorekebishwa Addis Ababa haitabashiri sawasawa Dar es Salaam, sembuse iliyorekebishwa Basel.

Hapa ndipo natofautiana na wenzangu wanaotaka kila chuo kianze na maabara ya kusoma jenomu. Ukanda huu una vituo vyenye uwezo huo tayari, na sampuli zinaweza kusafiri. Kinachokosekana ni somo: mitaala mingi ya famasia na tiba humfundisha mwanafunzi kukariri kwamba dawa fulani huzuia kimeng'enya fulani, bila kumtaka hata mara moja aandike mlinganyo wa kiwango cha dawa kwa saa na kuona unavyopinda kimeng'enya kinapozuiwa. Muhula mmoja wa somo hilo, ukifundishwa na mwanahisabati na mfamasia wakiwa darasa moja, ungegharimu kidogo kuliko matengenezo ya mwaka ya mashine moja kubwa.

Na takwimu zinaweza kuanza kukusanywa bila mradi mpya. Shirika la Afya Duniani hushauri nchi zipime ufanisi wa dawa za malaria angalau kila baada ya miaka miwili katika vituo maalumu. Mgonjwa hufuatiliwa siku 28, na siku ya 7 hurudi kituoni kutobolewa kidole kwa ajili ya kipimo cha vimelea. Tone la pili la damu hiyohiyo, likikaushwa kwenye karatasi ya kuchuja, linatosha kupima lumefantrini. Fomu ya mgonjwa iongezewe uzito kamili badala ya kundi la uzito, ujauzito, dawa nyingine anazotumia, na alimezea nini kidonge cha kwanza. Programu za taifa za kudhibiti malaria zikikubaliana na vyuo kuhusu nani atapima matone hayo na takwimu zitahifadhiwa wapi, duru ijayo ya vipimo inaweza kuanza na mpango huo.